Sikio la Fundi na Injini ya Mwalimu Charo

Siku yangu ya kwanza gereji, Malindi, sikupewa spana. Foreman, mtu mfupi mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, aliniketisha kwenye tairi kuukuu mbele ya lori lililokuwa likinguruma. "Sikiliza," akasema, "kisha uniambie silinda gani ni gonjwa." Nilisikiliza mpaka adhuhuri, nikabahatisha ya tatu, nikakosea. Kesho yake nikaketishwa tena. Wiki nzima nilidhani ananidhihaki. Wiki ya pili nikaanza kusikia.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Ninyi mna vikompyuta mnavyochomeka chini ya usukani, navyo vikawaambia ugonjwa. Sisi kuseti taimingi, yaani kupanga cheche ya plagi iwake pistoni inapokaribia kufika juu, tulilegeza distribyuta, kile kifaa kigawacho umeme kwa plagi, tukaizungusha kidogo kidogo mpaka mlio ukolee, kisha tukairudisha nyuma kwa unywele. Cheche ikija mapema mno, petroli huwaka pistoni ingali yapanda, na injini hugonga kwa mlio mwembamba, kama changarawe ndani ya kopo. Ukiupuuza mlio huo, pistoni hutoboka.

Kutoka Malindi nilikwenda Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, kutunza pampu za kuvuta maji ya bahari. Nilikaa miaka kumi na minne. Injinia wa Zamu alikuwa akituhimiza tuzibe masikio kwa pamba. "Fundi akiziba masikio, atatengeneza kwa pua?" nilimjibu mbele ya watu, nao wakacheka. Nilijiona bingwa.

Nikamalizia Kilifi, kwenye gereji yangu mwenyewe, pamoja na Zawadi, mama wa watoto watatu aliyekuja akiwa fundi wa umeme wa magari, akajifunzia injini kwangu. Hapo ndipo aliponijia Mwalimu Charo, mwalimu mstaafu, na gari lake dogo la zamani, rangi ya maziwa, bloku, yaani kiwiliwili cha injini, imepasuka. Alikuwa ametafuta injini ya aina ile kwa miaka miwili. Mwishowe akaisikia iko Watamu, nyuma ya hoteli, chini ya turubai.

Nilikwenda kuitambua. Muuzaji aliapa kuwa ni ile ile. Muuzaji gani haapi? Nilikwaruza kutu ubavuni mwa bloku, nikapaka chaki, na namba iliyogongwa pale ikajitokeza nyeupe. Herufi za mwanzo zililingana na za kitabu cha gari. Tulipoifikisha gereji tukafungua kichwa cha injini, tukapima upana wa silinda, zote nzima. "Ndiyo hii," nikamwambia Mwalimu. "Itunze, nyingine hutaipata."

Nikaifunga, nikaiseti kwa sikio kama kawaida yangu. Kwangu ilinguruma vizuri mno. Tukaingia garini watatu, mimi usukanini, tukakipanda kile kilima kikali kitokacho kwenye kivuko cha zamani. Kufika katikati, Zawadi akainama kutoka kiti cha nyuma.

"Mzee, yagonga. Punguza mafuta."

"Haigongi."

"Yagonga, baba. Simama, utaitoboa!"

Nilikasirika. Nilimwambia, tena mbele ya Mwalimu, kwamba yeye akinyonya mimi nilikuwa naseti injini. Hata hivyo nikageuza gari. Kule gereji Zawadi akaleta taa ya taimingi, ile inayomulika alama ya puli, gurudumu la mbele ya injini, injini ikizunguka. Taa hiyo nilikuwa naidharau tangu zamani. Alama ikaonekana karibu kabisa na mahali pake. "Umeona?" nikasema. Siku hiyo niliipenda taa, kwa sababu iliniunga mkono.

Zawadi alifungua plagi ya kwanza, akaingiza spoki ya baiskeli tunduni, akaizungusha injini polepole kwa spana. Pistoni ikaisukuma spoki juu, juu, ikakoma. Hapo, pistoni ikiwa juu kabisa, alama ya puli ilipaswa kuwa kwenye sifuri ya kipimo kilichogongwa kwenye injini. Ilikuwa imeipita kwa upana wa kidole. Puli za namna ile zina pete ya nje iliyoshikwa na raba. Raba ilikuwa imeoza, pete ikateleza pamoja na alama yake. Bloku nilikuwa nimeihoji namba kwa namba, puli sikuiuliza kitu.

"Kumbe ni puli," akasema Mwalimu kwa upole, akitaka kunisitiri.

Ningeweza kunyamaza. Lakini puli humdanganya mwenye kutazama, na mimi nilikuwa nimeseti kwa kusikiliza. Niliona haya, na sifichi, niliogopa.

"Si puli, Mwalimu. Ni mimi. Ule mlio siusikii."

Zawadi akaiweka spoki chini. "Pole, baba. Nimejua tangu mwaka jana. Nakuona unavyotazama watu midomo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje?"

Gereji sasa ni yake. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi husema hivyo nikiulizwa habari za kustaafu. Bado naweza kusoma namba iliyoliwa na kutu, na vijana huniletea injini nizitambue. Lakini nasikitika. Naukosa hata ule mlio mwembamba niliouchukia maisha yangu yote. Enyi mnaofanya kazi kwenye mashine zenye kelele, zibeni masikio, na atakayewacheka mwacheni acheke.

Jioni ya siku ile ya spoki, Zawadi aliirudisha distribyuta nyuma, tukaenda tena kilimani, yeye usukanini na mimi nyuma. Gari likapanda. Katikati ya kilima Mwalimu akageuka, kwa mazoea, akaniuliza mimi.

"Vipi, fundi? Yagonga?"

"Muulize Zawadi," nikamjibu.