Mayala na Gunia la Viatu

Mayala hakuwa mchezaji wa dansi. Hilo niliseme mapema, kwa kuwa Igoma nzima ilichukua miezi mitano kulijua, na yeye mwenyewe, nadhani, hajalijua mpaka leo.

Mayala ni fundi viatu. Ana kibanda cha mabati kando ya barabara ya Musoma, ana sindano, gundi, uzi uliopakwa nta, na vidole ambavyo, lazima nikiri, ni vya ajabu. Mpe kiatu gizani, atakwambia ni cha nani, kimelika upande gani, na kama mwenyewe hutembea kwa haraka au kwa huzuni. Mungu akimpa mtu vidole vya namna hiyo, shukrani yake ni kushona vizuri. Mayala alivitumia kuibia watu dansi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda chake, uko ukumbi wa Mzee Alexander. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, watu wakishatoka kanisani na kula, ukumbi huo hufungua milango kwa mashindano. Sharti ni moja: hakuna kuja na mwenzako. Wanawake huvua kiatu cha kushoto na kukitia ndani ya gunia. Wanaume hupanga mstari, hufungwa kitambaa machoni, na kila mmoja huingiza mkono na kutoa kiatu kimoja. Mwenye kiatu cha kulia kinacholingana nacho hujitokeza akichechemea, na huyo ndiye utakayecheza naye, awe msichana wa saluni au mwalimu aliyekuchapa darasa la pili.

Mara tano mfululizo Mayala alitoa kiatu cha Justa, na mara tano mfululizo wakashinda.

Justa ni mwanamke wa Nansio. Siku sita kwa wiki husimama ndani ya buti za mpira kwenye kiwanda cha minofu, akichambua sangara katika baridi inayouma mifupa. Jumapili miguu yake ilipotoka kwenye buti hizo, ilikuwa kama kitu kilichosamehewa. Rumba likilia, sakafu ile ya saruji iliyopasuka ililainika chini yake. Tulimtazama na tukasahau tulichokuwa tunasema.

Halafu tukampongeza Mayala.

Mara ya kwanza tulisema ni bahati. Ya pili tukasema nyota zao zimependana. Ya tatu tukashusha sauti. Katika nchi ya Wasukuma ngoma na dawa zimelala kitanda kimoja tangu enzi za mababu. Vikundi vilishindana kwa dawa kabla havijashindana kwa miguu. Basi watu wazima, wenye simu nzuri na watoto chuoni, tukakubaliana kwamba Mayala amekwenda kwa mganga, huko upande wa Magu, akachanjwa viganja. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kutazama kiatu. Wawili walimfuata kibandani wakamwomba awaelekeze njia. Mayala hakukubali wala hakukana. Aliviangalia viganja vyake, akashusha pumzi kama mtu aliyekabidhiwa siri ya ukoo.

"Haya mambo," aliwaambia, "si ya kila mtu."

Kweli hayakuwa ya kila mtu. Yalikuwa ya mwenye uzi wa nta. Chini ya mkanda wa kiatu cha kushoto cha Justa, mahali ambapo jicho halifiki, Mayala alikuwa amefunga mafundo matatu madogo siku alipokishona. Ukiyagusa, ni kama punje tatu za mtama. Huo ndio ulikuwa uganga wake wote. Kilichobaki kilikuwa kuwahi mbele ya mstari kabla ya wengine, na katika hilo alikuwa hodari kuliko katika dansi.

Sasa, Mzee Alexander alikuwa ameahidi kwamba atakayeshinda mara sita atachorwa kwenye ukuta wa mbele wa ukumbi, mzima, kuanzia viatu mpaka kichwa. Mayala hakuweza kusubiri. Alimbembeleza Luhende, mchoraji anayeandika majina ya mitumbwi, mpaka Luhende akaanza: viatu vyeusi vinavyong'aa, suruali yenye mkunjo kama wembe, koti, tai nyekundu, na mkono ulionyooshwa kushika kiuno cha mtu ambaye bado hayupo. Juu ya kola hapakuwa na kitu.

"Kichwa utakipata ukishinda," Luhende alimwambia. "Mzee amekataa nisikitangulize."

Mayala akawa anavuka barabara mara tatu kwa siku kwenda kuitazama suti ile. Alisimama mbele yake na kunyoosha shingo, akipima.

Jirani yake kibandani ni Evelina, mama wa miaka sitini anayeuza dagaa. Kila mwisho wa mwezi Evelina naye hutia kiatu chake guniani, yale makubazi yake ya plastiki. Jumamosi ya kuamkia shindano la sita, alimuuliza mbele ya wateja:

"Fundi, na kesho ukinitoa mimi?"

"Mama, nikutoe wewe nikupeleke wapi? Wewe unacheza kama unafukuza kuku mlangoni."

Wateja wakacheka. Evelina naye akacheka, kidogo.

"Kwa hiyo nitakuangusha."

Hapo Mayala angeweza kunyamaza. Lakini suti ilikuwa ng'ambo ya barabara, inamngoja.

"Mimi haniangushi mtu, mama. Dansi ni Mayala. Nipeni mwanamke yeyote. Nipeni hata mchi, nitauchezesha na tutashinda."

"Yeyote," alisema Evelina, akifunga dagaa kwenye gazeti. "Haya, fundi."

Evelina amekaa mita mbili kutoka kibanda kile kwa miaka kumi na moja. Mafundo yale aliyaona yakifungwa, akadhani ni ufundi; majivuno ya siku ile ndiyo yaliyomfanya awaze upya. Jioni ile alimsubiri Justa atoke kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipeleke kwako unionyeshe viatu vyako vya dansi."

Walipofika, Evelina alikishika kidole cha Justa na kukipitisha chini ya mkanda. Justa aligusa, akagusa tena. Alikaa kitandani na kiatu mapajani.

"Nilidhani ni bahati," alisema. "Nilikuwa nafurahi, mama."

"Najua."

"Na hajui kucheza! Mimi ndiye ninayemwambia aende wapi. Kidole kimoja begani, kushoto. Viwili, geuka. Miezi mitano namsukuma kama toroli."

"Wewe unavaa namba ngapi?" akauliza Evelina.

"Thelathini na nane."

"Na mimi."

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mayala alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na tai nyekundu shingoni, sawa na ile ya ukutani. Akafungwa kitambaa. Akaingiza mkono guniani, akautembeza taratibu, midomo ikitikisika kama anaomba. Sisi tulinyamaza kwa heshima ya dawa. Kisha mkono ukatoka na kiatu, na kabla hajafunguliwa macho, kwa furaha ya mtu anayekiona kichwa chake ukutani, akaita:

"Justa!"

Kutoka nyuma akaja mtu akichechemea, kiatu cha kulia mguuni, gauni la kanisani limebana tumboni. Evelina.

Mayala akavuta kitambaa. "Hiki si kiatu chako!"

"Umejuaje, fundi?" akauliza Evelina kwa upole. "Si ulikuwa umefungwa macho?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka stendi. Tulicheka kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu wanaojicheka na hawataki ijulikane.

"Mzee," Mayala akamgeukia Alexander, "wamebadilishana!"

"Mguu wenye kiatu cha pili ndio wenye kiatu," alisema Alexander. "Sharti ni hilo tangu mwanzo. Anayefuata!"

Baada ya wengine wachache zamu ikamfikia Otuoma, mshona nyavu kutoka pande za Shirati, aliyekuja kwa mara ya kwanza kwa sababu mvua ilimkuta barabarani. Yeye alitoa kubazi la plastiki, na Justa akajitokeza na lenzake mguuni.

"Dada, mimi hata sijui," Otuoma alimnong'oneza.

"Hujui ni vizuri. Sikiliza vidole tu."

Muziki ukaanza. Evelina alivua vile viatu, akasimama peku mbele ya Mayala, akamwekea mkono begani, mkono uliotulia kama kitambaa kilichoanikwa.

"Leo umepewa mchi, fundi. Chezesha."

Mayala akangoja. Alingoja kidole kimoja, hakikuja. Akangoja viwili. Evelina naye alingoja, kama ilivyo haki ya anayeongozwa. Wenzao wakazunguka, gitaa likapanda, na wale wawili wakabaki katikati ya sakafu wamesimama, wanatazamana, kama watu waliokutana mlangoni na kila mmoja anasema pita wewe. Mwishowe Mayala akatupa hatua kwenda kushoto. Evelina akamfuata kwa unyenyekevu wote. Akatupa ya pili, akaikanyaga ya kwanza, akashika tai yake.

"Nenda wewe, mama, nenda!" alinong'ona, jasho likimtiririka.

"Niende wapi? Dansi ni wewe."

Kando yao Otuoma aliteleza kama mtumbwi uliosukumwa vizuri. Uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu anayebebwa usingizini. Walishinda bila waamuzi kukunja hata karatasi ya kura. Alipopewa mkono wa pongezi, Otuoma alisema, "Mimi nimebebwa tu." Maneno matatu. Mayala alikuwa na miezi mitano ya kuyasema.

Watu walipoanza kutawanyika, Evelina alimsogelea Alexander.

"Mzee, wewe ulisema mara sita."

"Nilisema. Mayala ana tano, basi."

"Simuulizii Mayala. Huyu mtoto Justa ana ngapi?"

Mzee Alexander alinyanyua mkono. Akahesabu kwa vidole, kidole kwa kidole, na tulipomwona anafika cha sita tukatazama chini. Tulikuwepo mara zote. Tulikuwa na macho. Mara zote tulikuwa tumemhesabu mmoja.

Luhende alikuja Jumanne na rangi zake. Aliuliza suti ile aifute.

"Usiifute," alisema Justa. "Nichore mimi. Hiyo iache ilivyo."

Basi yupo pale mpaka leo, ukiingia Igoma utamwona: Justa kwa gauni la buluu, makubazi ya plastiki miguuni, kichwa kimeinuliwa kidogo kama anayesikia kitu kabla yetu. Suti imemshika kiuno. Juu ya kola bado hakuna kitu. Begani mwa suti, Luhende amechora vidole viwili vya Justa.

Siku hizi guniani huingia viatu vya wanaume, na wanawake ndio huchagua. Cha Mayala kina soli iliyoachama. Mwenyewe hajawahi kupata muda wa kukishona. Mara nyingi huwa cha mwisho kutoka.

Wageni wakisimama kununua dagaa huutazama ukuta ule na kuuliza yule mwanamume asiye na kichwa ni nani. Evelina hageuki. Anaendelea kupima dagaa, na mita mbili kutoka hapo fundi anaongeza kasi ya kugonga misumari.

"Yule?" husema Evelina. "Yule ni yeyote."