Sauti Niliyompelekea Ami

Wanaume wa baraza ya mtaani kwetu, Mji wa Kale, wanazijua ndege za kivita kuliko marubani. Hii ya kupigana na ndege wenzake, ile ya kushusha mabomu, ile nyingine kazi yake kupofua rada tu. Baada ya alasiri, kahawa chungu mkononi, wanabishana: hawa wanasema mataifa ya nje yana haki ya kuingilia vita vya Yemen, hawa wanasema kila mtu na akae kwao. Ningewapita zangu, ila dadangu mdogo ameolewa huko huko.

Siku moja alinitumia sauti kwenye simu. Mumewe alikuwa safarini, na ndege zilikuwa zikipita juu ya paa tangu asubuhi. Jirani yake alikuwa akikimbia na gari, nafasi imebaki moja, na mama mkwe amevunjika nyonga, yuko kitandani. "Nimwache bibi wa watu, dada, au nikae? Waulize wajuzi wa barazani, hii ni ndege gani?" Nyuma ya maneno yake, mngurumo.

Nikajitanda buibui mbio mpaka barazani, mwanamke peke yangu. Nikamweleza yote mzee wanayemtegemea kwa mambo hayo, aliyeendesha winchi bandarini mpaka akastaafu. Tangu utotoni namwita Ami. Akaiweka simu sikioni, akafumba macho. Wote wakamkazia macho.

"Hii ya doria," akasema. "Haibebi mabomu. Mwambie atulie na mkwewe."

"Una hakika, Ami?"

"Mwanangu, nikudanganye nipate nini?"

Nikamwandikia dadangu: kaa. Jirani akaondoka bila yeye.

Jioni ile ile mtaa wao ukapigwa. Jirani, aliyefika salama, ndiye aliyetupigia kutuambia. Simu ya dadangu haikuita tena. Nilipiga siku ya kwanza, ya tatu, ya tisa, mpaka vidole vikafa ganzi. Watu walipotaja hitma, mama aliwafukuza. Hitma, alisema, husomewa maiti. Na barazani, lo, bado wanabishana! Nikasimama mbele yao nikapiga kelele, "Nyamazeni! Wallahi, kunyweni kahawa yenu mnyamaze!" Sikuona haya hata chembe.

Siku ya kumi Ami alibisha hodi. Nilitaka kumfungia mlango usoni. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi, akilia.

"Mwanangu, winchi ziliniua masikio kitambo. Maneno ya watu nayaona midomoni mwao. Siku ile sikusikia ndege, wala sikumsikia dadako. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikaona haya kusema."

Akaomba nimwekee tena ile sauti. Nikaipandisha mpaka mwisho, nikaigandamiza simu sikioni mwake kwa nguvu, na mle uani mama akasikia, akaja mbio akidhani ni mwanawe amepiga.

"Nimwache bibi wa watu, dada, au nikae?"