Kikombe Kisichopungua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha lishe cha kambi ya Katanika, sikupewa mama wala mutoto. Nilipewa vikombe. Infirmiere, muuguzi aliyeongoza kituo, tuliyemuita Mama Shefu, alinionyesha sufuria, makaa na jerikeni, akaniagiza nichemshe maji mpaka yatokote kweli, kisha nioshe vikombe na kuvifunika. Nikamuuliza biberon, zile chupa za kunyonyeshea, ziko wapi.

"Mama Kyungu, biberon hapa haiingii," akasema. "Ile chuchu ya mupira inaficha uchafu, na inafundisha mutoto uvivu. Kikombe unakiosha na unaona kama kimetakata."

Shule mimi niliiacha mapema, basi ninyi munaoanza kazi hii nitawaeleza kama nilivyoona. Na nitasema nani alifanya nini, maana waliokosa njo wa kwanza kutuomba tusahau.

Nilifika Katanika kwa miguu kutoka upande wa Ankoro, vita ikiwa nyuma yetu. Nilitoka na mutoto mugongoni, nikafika na kitambaa peke yake. Kwetu wanasema mwanamuke aliyekimbia au kulia sana, maziwa yake yameharibika. Wanakamulia tone kwenye jani na kutia sisimizi. Sisimizi akifa, mutoto ananyimwa titi. Mama Ngoie, dada ya mama mukwe wangu, njo alinipima hivyo njiani. Sisimizi alikufa. Mama Ngoie akanifunga kitambaa kifuani, akawa anamunywesha mutoto wangu maji ya uji wa muhogo mpaka akanyamaza. Ninamutaja. Yuko hai, na kila Jumapili yuko kanisani, kiti cha mbele.

Mama Shefu njo alinifungua macho. Alisema titi linasikia: mutoto akivuta, linatengeneza, mutoto akiacha, linalala. Woga na homa vinaweza kulinyamazisha, lakini kulinyamazisha si kuliua. Na sisimizi, ukimutia hata katika tone la maji ya kisima, anakufa, kwa sababu hajui kuogelea. Niliposikia hilo nilitoka nje nikakaa karibu na makaa, na siku ile hakuna aliyenituma tena.

Baadaye Mama Shefu alihamishiwa maternite moja, hospitali ya kuzalia, ya hapa Kalemie mujini, akaomba nimufuate. Huko nilipanda cheo, kama ni cheo: nikawa mushika kikombe.

Kazi yenyewe ni hii. Mama ambaye maziwa yamepungua, mutoto anavuta kidogo, hapati, anakata tamaa, analala. Ukimupa maziwa ya bwate, yale ya unga ya mukebe, peke yake, atashiba, na titi litalala kabisa. Ukimuacha na titi peke yake, njaa itamuua. Kwa hiyo vyote viwili vinakwenda pamoja. Unachukua mupira mwembamba, ule wanaouita sonde. Ncha moja unaibandika karibu na chuchu kwa sparadra, ile plasta ya vidonda, ncha nyingine inaingia katika kikombe cha maziwa ya bwate. Mutoto anavuta titi, na maziwa ya kikombe yanapanda mpaka mudomoni. Anadhani ni titi lililomupa, na titi nalo linasikia linaitwa. Kikombe ukikiinua, maziwa yanakuja mbio. Ukikishusha, mutoto anavuta kwa nguvu zaidi. Mwanzoni mutoto ni muzaifu, unakishika juu. Akipata nguvu, unakishusha pole pole. Mukono wako njo mashini.

Aliyenifundisha kuiheshimu kazi hii ni Zaina, musichana wa familia moja ya zamani ya Waislamu wa karibu na bandari. Alizaa, akashikwa na homa, maziwa yakapungua. Shangazi yake Bi Mwajuma akatia sisimizi katika tone. Nilidhani ni mambo ya kwetu kijijini, kumbe hata nyumba zenye vitabu vya dini ukutani! Kisha Papa Delphin, mwenye farmasi upande wa sokoni, akamuuzia Zaina bwate na kumuambia aache titi kabisa, eti maziwa mawili yanagombana tumboni. Papa Delphin alijua bwate moja inaita nyingine. Ya kwanza ilipokaribia kwisha, wakaongeza maji ili ifike mwisho wa wiki. Zaina alipotuletea Idi wake, ngozi ya mutoto ilikuwa imejikunja, ana uso wa muzee aliyekasirishwa.

Mama Shefu alimupima Idi. Halafu akamuambia Zaina wazi kwamba mutoto anaweza kufa, na kwamba wataanza sasa hivi.

Bi Mwajuma alisimama mulangoni, mikono kiunoni. "Titi limekufa, na ninyi munalivalisha mipira," akasema. "Mutamunyonyesha mutoto wetu kama muntu anavyonyonya petroli kwa mupira kwenye pipa la fûti?"

Wamama wa vitanda vingine walicheka. Zaina hakucheka. Mimi nilishika kikombe juu, karibu na bega lake, na Idi akavuta, akapumzika, akavuta. Tulifanya hivyo kila alipoamka. Mukono wangu uliwaka moto, nikaubadilisha na mwingine. Siku zikapita, kikombe kikashuka mpaka chini ya titi, kisha mpaka karibu na mapaja. Bi Mwajuma alikuwa akija na uji wa Zaina, anaangalia, anaguna, anaondoka.

Asubuhi moja Mama Shefu akamugeukia. "Bi Mwajuma, macho yako ni makali kuliko yetu. Shika kikombe wewe, Mama Kyungu apumzike."

Alikishika kama anashika kitu cha muchawi. Idi akaanza kuvuta. Mama Shefu akachukua sonde kwa vidole viwili, akaibana kabisa, maziwa ya kikombe yasipite. Koo ndogo ya Idi ilipanda, ikashuka. Ikapanda tena. Tulisikia anameza.

Bi Mwajuma aliinamia kikombe. Alikitikisa kidogo. Akainama tena.

"Hakipungui," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa anameza nini?"

"Muulize mama yake," Mama Shefu akasema.

Zaina alishusha macho kifuani kwake. Upande wa pili, titi ambalo hakuna aliyeligusa lilikuwa linadondosha, na kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka kiunoni. Bi Mwajuma aliweka kikombe chini, akagusa kile kitenge kilicholowa, akapaka ule unyevu kwenye paji la uso wake. Sijui ni dua gani alisema. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeona jambo hilo mara nyingi, na kila mara nywele za mukono zinanisimama. Mwili uliofukuzwa, uliotukanwa, uliofungwa kitambaa, unaitwa na kinywa kisicho na jino, nao unaitika.

Siwadanganyi: maziwa ya Zaina hayakurudi yote. Aliondoka anatoa titi kwanza, kila mara, kisha kikombe cha bwate, kijiko kimesawazishwa, maji hayaongezwi. Tulimupima Idi kila juma, na kadiri alivyonenepa tulipunguza bwate kidogo. Wengine hawafiki mwisho wa bwate kabisa, wanaendelea na vyote viwili. Musiwaite walioshindwa. Hata titi linalotoa kidogo linatoa.

Nimeacha kazi kwa sababu bega halikubali tena. Nyumbani wananicheka: nikinywa chai, mukono unashusha kikombe wenyewe mpaka magotini, na mimi ninakitazama kama kinapungua. Papa Delphin bado anauza. Bi Mwajuma, nimeambiwa, anawafukuza wenye sisimizi katika mutaa wake kwa ufagio.

Watu wananiita Mama Kyungu, na wageni wanauliza Kyungu yuko wapi, anafanya kazi gani. Kyungu ni yule mutoto wangu wa njiani. Sonde hatukuwa nayo, kikombe hatukuwa nacho, bwate tusingeipata popote. Lakini titi lilikuwepo, chini ya kile kitambaa, na yeye alikuwa bado anageuza kichwa kulitafuta.