Thamosi ya Rwamba

Mutegi alipoacha kuunda vitanda akafungua nyumba ya kuhifadhi maiti kando ya mtaa wa Majimbo, pale Embu, kazi ilimwendea vizuri tangu mwanzo. Wafu hawakuwa na neno naye. Waliomsumbua ni wazima. Wazee wa kule walikuwa wakiogopa mkono ulioshika maiti, na ingawa watu wote walishabatizwa na kuapa kwamba hayo yamepitwa na wakati, mchungaji alipowaambia wapeane mikono ya amani, benchi zima la Mutegi lilianza kupekua vitabu vya nyimbo. Hata kumjulia mtu hali ilikuwa taabu. Angethubutu vipi kumuuliza jirani, "Mzee wako anaendeleaje?" Jirani angedhani anatafuta kazi. Kwa hiyo Mutegi aliulizia mvua na ng'ombe, basi.

Hayo aliyameza. Lililomkwama kooni ni mama yake, Rwamba.

Kila alipokuja mjini kliniki ya presha, Rwamba alilala kwa mwanawe, akamsifu kwa majirani na kula chakula alichopika Nelius, mke wa Mutegi. Lakini Mutegi akigusa tu kifuniko cha sufuria, njaa ya mama iliisha papo hapo. Chai alikuja nayo kutoka kijijini katika thamosi nyekundu, pamoja na kikombe chake alichokifunga kwenye leso. Na Mutegi, kitinda mimba aliyenyonya mpaka akaona haya mwenyewe, alitamani jambo moja tu: mama yake apokee kikombe cha chai kutoka mkononi mwake.

Alijaribu kila njia. Alinawa kwa dawa mpaka chai ikanuka hospitali. Siku nyingine alifungua pakiti ya glavu mpya mbele ya mama, akazivaa, kisha akamletea kikombe kwa heshima zote.

"Mutegi!" Rwamba aliruka kitini. "Mimi bado napumua, na wewe unanivalia glavu?"

Nelius alikimbilia jikoni kucheka. Mutegi aliinywa ile chai mwenyewe, imepoa, na moyo ukimuuma.

Kisha akafa Wanja, rafiki ya Rwamba tangu usichana wao, aliyechuma naye kahawa na kusengenya naye watu. Jamaa zake walimpeleka kwa Mutegi. Rwamba alifika asubuhi iliyofuata, thamosi mkononi, akaingia moja kwa moja mpaka chumba cha kuoshea.

"Nimekuja kuona vile utamfanyia Wanja," alisema. "Ukimfanyia vibaya, leo utanijua."

Akavuta stuli, akakaa, mkoba mapajani, kama msimamizi wa mtihani.  Mutegi akamimina maji ya moto kwenye beseni, akatia ya baridi, akayapima kwa kiwiko.

"Maji moto ya nini, na huyu hasikii?"

"Si ni wewe ulituambia Nyanya Wanja alikuwa anakwepa kuoga mtoni, mami? Ati maji baridi yalikuwa yanamtoa machozi."

Rwamba alicheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na Mutegi akabaki ameshika kitambaa asijue amtazame nani. Mwishowe mama alipangusa macho, akakunja mikono ya sweta na kusimama.

"Lete hicho kitambaa. Nyuma ya masikio hujui kuosha. Hata yako hukuwahi kujua."

Akamwosha rafiki yake mwenyewe, polepole, huku akimgombeza kwa kutangulia bila kuaga. Mutegi alimshikia beseni.

Walipomaliza walinawa kwa sabuni, wakakaa barazani. Rwamba akaifungua thamosi, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, kisha akasita. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. 

"Sasa mimi nitamiminiwa chai na nani?"

"Nelius ameenda soko, mami."

"Sikumuuliza Nelius." Akamsukumia thamosi. "Mimina. Si wote tumeharibika?"

Mutegi alimimina, nusu ikamwagika mezani. Akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Vidole vyao viligusana, na Rwamba hakuviondoa vyake. Akanywa.

"Siku yangu ikifika," alisema, "maji yawe moto hivyo hivyo. Na usisahau nyuma ya masikio."