Mama Subiri, mfasiri asiyewaachia wachambuzi wa masoko

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Subiri ameshavua viatu chini ya meza. Mbele yake kuna kurasa nne za Kiingereza, taarifa ya masoko ya fedha iliyoingia kabla hajafika. Saa mbili kamili inatakiwa iwe imewafikia, kwa Kiswahili, wanachama elfu kumi na moja wa chama cha akiba: wauguzi, walimu, mafundi cherehani, madereva.

Anasoma aya ya kwanza. Anaguna.

"Huyu bwana ananipiga chenga," anasema. "Eti riba ina nafasi ya kusogea. Isogee wapi, juu au chini? Hasemi. Nikichagua moja, kesho kuna mtu anauza alichoweka akiba miaka kumi. Yeye huko aliko anakunywa kahawa yake."

Jina lake halisi wenzake wamekaribia kulisahau. Wanamwita kwa neno "subiri" analolitoa kila mara mtu anapochungulia mlangoni kuuliza kama kazi imeisha. Ana miaka hamsini na mbili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiti hiki. Alianza kwa mshahara ambao anasema ulikuwa unaishia kwenye nauli na sabuni.

Namna yake ya kufanya kazi inachekesha mpaka uione ikifanyika. Akimaliza aya, anaifunika karatasi na kumsimulia shangazi wa chai, mama mtu mzima anayepita na birika ofisi hadi ofisi. Shangazi hajui Kiingereza na wala hana shida nacho. Akiuliza swali, aya haijaiva.

"Kwa hiyo mimi mwenye hati fungani zangu mbili nifanye nini?" shangazi anauliza leo, birika mkononi.

"Hapo ndipo nimekwama, shangazi."

"Sasa umekwama na simu iko hapo? Mpigie aliyeandika!"

Na kweli anampigia.

Ubishi huu una chanzo. Mwaka wake wa pili kazini alikutana na sentensi yenye ukungu, na kwa kuwa saa ilikuwa inakimbia, akajichagulia maana moja na kuiandika kana kwamba ni hakika. Kaka yake mkubwa aliisoma, akauza hisa zake zote. Bei ikapaa.

"Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza," anasema, na hapa anavua miwani. "Alikuja kwangu, akala, akaaga. Miezi minane hakurudi. Nikaapa sitabuni tena."

Kiapo hicho nusura kimtoe kazini. Mwaka jana meneja mpya alileta programu ya kompyuta inayotafsiri kurasa nne kabla hujapiga chafya. Mama Subiri akaambiwa wazi: taarifa ikichelewa mara moja zaidi, meza yake inafungwa. Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho chuoni.

Haikupita wiki. Jumatano moja ikaingia taarifa kuhusu hati fungani ambazo theluthi ya wanachama wanazo. Mchambuzi aliandika kwamba wawekezaji makini watatazama upya walichoshika. Basi, akaishia hapo. Programu ilikuwa imeshatoa jibu lake: uzeni. Vyama vingine vyenye programu hiyohiyo viliituma hivyohivyo, habari ikaenea, na kwenye ofisi za chama chake watu walianza kuomba fomu za kuuza.

Saa mbili kasoro dakika kumi, alinyanyua simu.

"Mara ya kwanza akanirudishia maneno yaleyale. Mara ya pili, yaleyale. Nikamwambia, kaka, nina wauguzi wastaafu wameshika fomu. Bei itapanda au itashuka? Ndipo akasema, dada yangu, kusema kweli sijui."

Mama Subiri akaandika sentensi mbili: mwandishi wa taarifa hii ameulizwa kama bei itapanda au itashuka. Amejibu kwamba hajui. Akaituma taarifa saa mbili na dakika tisa. Akaanza kukusanya vitu vyake mezani.

Meneja anaisimulia sehemu iliyobaki bila kujitetea. "Nilipanda ngazi, mfukoni nina barua ya kumwondoa kazini. Nafika, simu zinaita kila meza. Watu wanatushukuru kwa kuwaambia hatujui! Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nikashuka na barua yangu."

Zaidi ya watu mia mbili walizirudisha fomu siku ile bila kuzijaza. Wiki tatu baadaye bei ilipanda, na waliouza kwingineko wakabaki kujiuma vidole. Mama Subiri hataki kupewa sifa hiyo.

"Ingeweza kushuka pia," anasema. "Mimi sikutabiri. Niliwapa nafasi ya kufikiri."

Sifa nyingine anazipokea kwa mikono miwili. Mshahara wake umeongezwa kwa theluthi. Taarifa haitoki mpaka yeye aseme itoke. Programu ipo, inamtafutia maneno magumu, na anaiita kijana wake wa kutumwa. Mchambuzi yule wa hati fungani sasa humpigia yeye kabla ya kuchapisha; wengine, kama huyu wa leo, bado mpaka wapigiwe.

Furaha yake kubwa ni ya juzi Jumamosi. Kila mwezi yeye huwafundisha wanachama, ukumbini, namna ya kuzibana taarifa hizi kwa maswali. Safari hii alikuwapo mtaalamu mgeni, suti safi, maneno mengi. Muuguzi mstaafu wa safu ya nyuma akasimama.

"Mwanangu, umesema vizuri sana. Sasa hilo la riba, unajua au hujui?"

Mtaalamu akatazama karatasi zake. "Sijui, mama."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama Subiri alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Mpango wake ni kulifikisha somo hilo kwenye matawi yote kumi na manne kabla hajastaafu. Nilipomuuliza kama haogopi wanachama watafika mahali wasimhitaji tena, alicheka kwa sauti.

"Siku hiyo nitaoka keki," alisema. "Waje wote, wale."