Kasia la Ursule bado halijachagua

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Ursule amesimama nyuma ya mtumbwi anapiga kasia, kitenge kimekazwa kiunoni. Mbele yake wameketi abiria sita, magunia mawili ya mkaa na jogoo mmoja mwenye kelele. Kuvuka kutoka Lubunga hadi mjini Kisangani ni faranga mia tano. Jogoo hupanda bure.

Ni mwaka wa tisa sasa, tangu mumewe Timothée afariki na kumwachia mtumbwi, watoto wanne na kasia. Ukimuuliza anatamani nini, ungedhani atasema injini. Wapi! Anatamani kumchagua rais.

Si rais wa nchi, maana huyo humpigia kura kama watu wote. Anamaanisha rais wa chama cha wapiga kasia, anayepanga nani apakie abiria kwanza na nani asubiri jua limuunguze. Wanachama ni mia mbili na arobaini, lakini wanaomchagua ni wajumbe saba tu, mmoja kwa kila bandari.

"Mutu mwenye kupanga zamu yangu kila siku, miye sijamuchagua hata mara moja," anasema. "Bon, inaniuma. Sitakudanganya."

Zamani mambo yalikuwa mengine. Kila mpiga kasia huchonga alama yake kwenye shingo ya kasia, na siku ya uchaguzi kila mmoja alilaza kasia lake ndani ya mtumbwi wa mgombea anayemtaka. Yalihesabiwa mchana kweupe, watu wote wakiona. Tatizo ni kwamba alama haifichiki. Waliompinga mshindi walijikuta wanasukumwa mwisho wa foleni, watu wakashikana mashati, na chama kikaamua wajumbe ndio wachague.

Uamuzi huo ulipitishwa mwaka aliofariki Timothée, naye alikuwa amemsimulia mkewe habari za makasia tu. Hakuna aliyejisumbua kumweleza mjane kwamba mambo yamebadilika.

Basi uchaguzi uliofuata, Ursule alivaa nguo ya kanisani, akashuka ufukweni na kasia la marehemu, akalilaza ndani ya mtumbwi wa Basile, mgombea aliyempenda. Wanaume walicheka hadi wakashika mbavu. Wajumbe walikuwa wamekwisha kuchagua, chumbani, mlango umefungwa. Tena alama ile ni ya Timothée, wakamwambia, na maiti hapigi kura.

Anasimulia huku naye akicheka, kisha kicheko kinakatika. Siku ile alivuka mto peke yake akilia, anasema, na hata leo akipita ufukwe ule wa uchaguzi anageuza uso.

Jumapili hii wajumbe saba wataamua kama makasia yarudi. Watatu wanataka, watatu hawataki. Wa saba ni Bavon, mdogo wake Timothée, mjumbe wa bandari ya Ursule mwenyewe.

Bavon ni mtu wa heshima na hapendi kuharakishwa. Kwanza alieleza habari ya ugomvi wa foleni. Alipokumbushwa kwamba foleni ina ugomvi hata leo, alitoa sababu nyingine.

"Sasa wagombea wote wanakuja kunisalimia ku nyumba," akasema. "Kila mutu akiweka kasia yake, alors, miye nitabakia nani?"

Ursule hamchukii kwa hilo. Humvusha kila asubuhi, na kila asubuhi anatamani kumwomba kura yake, akiogopa kuharibu undugu. Lakini jana Bavon alikuta kasia jipya mtumbwini, mti bado mweupe, shingoni duara moja dogo lililochongwa kwa kisu cha jikoni. Alilipapasa kwa kidole.

"Semeki, hii iko ya nani?" akamuuliza shemeji yake.

"Ya miye."

Mtumbwi uligusa mchanga. Bavon aliposhuka, alilishika kasia lile kwa mikono miwili, akamrudishia mwenyewe.

Ursule hajui ishara ile ilikuwa na maana gani, na hataki kujipa matumaini ya bure. Uchaguzi ni mwezi ujao. Wajumbe wakubali au wakatae, siku hiyo atashuka ufukweni amevaa nguo ya kanisani.

"Mara ile walicheka kasia ya marehemu," anasema, akisukuma mtumbwi kurudi majini. "Sasa wacheke yangu."