Mgeni Niliyemkaribisha Goma

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, kisha anyamaze anisikilize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana kweupe, jua la utosi, na mdomoni sikuwa nimetia kitu zaidi ya soda.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Kwetu ukiwa unakula na mtu akakutazama, unamwambia karibu. Si lazima umjue. Naye anajibu asante, endelea, anapita zake, yameisha. Neno lenyewe limo mdomoni tangu utotoni, linatoka hata kama sahani imebaki tonge moja. Asiyekaribisha anaitwa mchoyo, na kwetu afadhali uitwe mwizi.

Nilikwenda Goma kumfuata mdogo wangu, Paskali, ndugu pekee niliyebaki naye. Alikuwa fundi wa pikipiki huko, mtaa wa Ndosho, miaka imepita hajakanyaga nyumbani, na mama yetu yu kitandani, kutwa anamtaja yeye. Nikamwambia mama, huyo nitamleta hata kwa kumburuta. Nilipofika wala hakubisha. Alikubali tuondoke kesho yake asubuhi, ila akaapa kwamba sitoki Goma bila kula samaki wa ziwa Kivu.

Akanipeleka kwenye mgahawa mdogo kando ya ziwa, wa mama mmoja mnene, mcheshi, anaitwa Mama Furaha. Kitu kimoja kikaniudhi pale pale: viti vyote vimelipa ziwa mgongo. Yaani nimesafiri kutoka Mwanza, nimekaa ufukweni, halafu nitazame barabara na pikipiki?

"Dada, huku wanakaa hivi hivi," Paskali akaniambia.

"Kaa wewe hivyo. Mimi nataka kuona maji."

Nikageuza changu. Tukawa tunatazamana, yeye kalipa ziwa mgongo.

Sinia likaja: samaki mkubwa wa kuchoma, bugali, pilipili. Tukanawa, ndiyo kwanza tunaanza, nikamwona mwanamke kasimama kati ya yale mawe meusi ya volkano, maji yanamfika magotini, kitenge kimemganda mwilini. Alikuwa analitazama sinia letu. Si mimi wala Paskali, sinia. Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Karibu mama! Karibu samaki!"

Hakusema asante. Hakusema endelea. Alikuja.

"Unamkaribisha nani tena, dada?" Paskali akacheka, hata hakugeuka. Nilidhani ananitania. Yule mwanamke akavuta kiti, akaketi ubavuni mwake, bega kwa bega, na mdogo wangu hakusogea hata kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa. Paskali hamwoni!

Akaingiza mkono siniani. Mkono mweupe kwenye vidole, umenywea kama wa mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Hakula. Alinyofoa mnofu, akatoa miiba mmoja mmoja, akausogeza upande wa Paskali, vile mama anavyomsogezea mwanawe. Na Paskali akaubeba pamoja na tonge lake, akala.

"Samaki gani huyu, dada! Mtamu, hana hata mwiba."

Haki ya Mungu, nililisukuma sinia kwa mikono miwili, likaanguka chini na kila kilichokuwamo. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, kinachuruzika maji.

Mama Furaha akaja mbio. Akatazama kile kiti, akatazama changu nilichokigeuza, ucheshi wote ukamtoka.

"Dada, weye uliita mutu?"

"Nilisema karibu tu, mama. Si ni adabu?"

"Aa, mama yangu! Mutu mwenye anatokea ku mayi, hapa hatumukaribishake. Ni bale benye mazuku ilibeba."

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini huko. Hailii, haionekani, inalala mabondeni na kando ya ziwa, na mtu akiingia ndani yake anaanguka kama aliyesinzia, haamki tena. Mama Furaha akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Paskali alikula kile alichosogezewa. Nikaitikia kwa kichwa. Akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Umutoshe Goma leo, dada. Asilale hapa."

Nilimburuta Paskali hadi mpakani, ananicheka njia nzima. Tulipofika akajipapasa mifukoni: kibali cha kusafiria amekisahau Ndosho. Tukarudi kukichukua, msongamano nao ukatushika, na mpaka ukafungwa tukiwa bado njiani. Nililia pale juu ya pikipiki mbele za watu, sikuona haya. Jioni, chumbani kwake, hakugusa chakula. "Nimeshiba sana, dada," anasema, na anatetemeka baridi ndani ya blanketi. Nikafunga mlango, ufunguo nikautia kifuani, nikajilaza mkekani pale pale kizingitini.

Asubuhi mlango ulikuwa umefungwa vile vile, ufunguo ninao, na blanketi tupu.

Walimkuta kando ya ziwa, amelala kati ya mawe chini ya ule mgahawa, nguo kavu kabisa. Daktari alisema mazuku, mbona jambo la kawaida huku. Mimi sikubishana naye. Ningemweleza nini akanielewa? Nikamrudisha mdogo wangu kwa mama kama nilivyoahidi, ndani ya sanduku.

Na wala hayakuishia hapo. Juzi mchana nilikuwa namlisha mama uani. Nikainua macho, Paskali kasimama langoni, nguo zake zile zile, macho kwenye sahani. Ana njaa, jamani. Mdogo wangu ana njaa, anangoja niseme neno moja tu, na mama yangu yuko hapo mkononi mwangu, mdomo wazi, anangoja mnofu. Nikaumeza ulimi, nikaendelea kumlisha mama huku machozi yanadondokea ugali. Alisimama mpaka chakula kikaisha. Jana alikuja tena.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, ukienda ziwa la watu, kaa wanavyokaa wenyewe, na usikaribishe mtu usiyejua ametoka wapi. Majirani wameshaanza kunisema, eti siku hizi nakula kimya kama mchawi. Waseme. Niiteni mchoyo. Ndugu yangu mwenyewe simkaribishi.